Nzi Asiyetaga Mayai

Kichwa cha sangara nilichokinunua Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, nilikiweka kwenye karai nje ya jiko, na nilipogeuka kuchukua kisu nzi mkubwa wa kijivu alikuwa amekwishatua juu ya matamvua. Nilimsogelea polepole. Mgongoni alikuwa na michirizi mitatu myeusi, tumbo lake lilikuwa na mabaka ya kupishana mfano wa ubao wa drafti, na macho yake yalikuwa mekundu. Aliinamisha ncha ya tumbo, na papo hapo nikaona funza weupe, wembamba kuliko punje ya mchele, wakijinyonganyonga kuingia nyamani.

Huyo ndiye nzi wa nyama, wa jenasi ya Sarcophaga, jina alilolitoa Meigen, mtaalamu wa wadudu Mjerumani, mwaka 1826 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kula nyama. Spishi zake nyingi hufanana mno, hata wataalamu huzitenganisha kwa kuchunguza viungo vya uzazi vya dume kwa hadubini.

Nzi wa kijani, tuliowazoea zaidi kwenye mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishaondolewa, hutaga mayai kwa mamia, ilhali huyu huyahifadhi mayai tumboni mpaka yaanguliwe, kisha huzaa funza walio hai, makumi machache tu. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika maisha yake, kwa sababu kwenye jua la ufukweni kipande cha samaki hukauka upesi au huchukuliwa na ndege kongoti, na mtoto anayeanza kula dakika ile ile aliyozaliwa huwa amemtangulia mwenzake aliyemo bado ndani ya yai.

Sikukila kichwa kile. Nilikitia ndani ya ndoo yenye mchanga, na jioni nikaifunika kwa kipande cha chandarua. Nyama ilipogeuka uji, funza walizama humo vichwa chini, mikia juu, kwa kuwa matundu yao makuu ya kupumulia yako nyuma, ndani ya kishimo kinachoweza kufumbwa ili majimaji yasiingie. Baada ya siku tano waliiacha nyama na kujichimbia mchangani, ngozi ya kila mmoja ikakakamaa kuwa ganda la kahawia iliyokoza, na ndani yake pupa, yaani mdudu aliye kati ya funza na nzi, akaendelea kubadilika.

Nzi wa kwanza alitoka siku ya kumi na moja tangu wajichimbie, akiusukuma mchanga kwa kifuko kilichokuwa kikivimba na kunywea kwenye paji la uso wake, mabawa yakiwa bado yamekunjamana. Ganda moja lilichelewa sana. Lilipopasuka, aliyetoka alikuwa nyigu mdogo mweusi mwenye mapaja manene ya nyuma, ambaye mama yake alikuwa amemtaga ndani ya funza kabla sijaifunika ndoo.