Morrowind: nilivyopanga klasi ya mchawi wa Telvanni

Katika Morrowind, gemu ya kuigiza mhusika ya mwaka 2002, mimi huchagua nyumba (kundi kubwa la kujiunga nalo) kwanza, klasi (aina ya mhusika na stadi zake) baadaye. Kisiwani Vvardenfell, Redoran ni wapiganaji, Hlaalu ni wafanyabiashara, Telvanni ni wachawi, na ukishaingia nyumba moja hizo nyingine zimekufungia mlango. Kila nyumba ina stadi sita inazozithamini, na cheo hakipandi usipozikuza. Mhusika wangu alikuwa wa kabila la Dunmer, mwanachama wa Telvanni, kwa hiyo stadi zake zilitakiwa kuanzia hapo: Destruction (uchawi wa kudhuru), Alteration (wa kubadili hali, kama kuelea), Mysticism (wa mafumbo), Enchant (kutia vitu uchawi), Conjuration (kuita viumbe) na Illusion (kiini macho).

Sikutumia klasi zilizo tayari; nilitengeneza yangu. Mwelekeo niliuweka kwenye uchawi, na sifa mbili za kupendelewa ni Intelligence (akili) na Willpower (nguvu ya nia). Stadi kuu huanzia 30, ndogo 15. Uchawi huongezewa 5 kwa sababu ya mwelekeo, kisha kabila linaongeza lake: Dunmer anapata 10 kwenye Destruction, 10 kwenye Short Blade (silaha fupi kama jambia) na 5 kwenye Mysticism. Stadi kuu zangu zikaanza hivi: Destruction 45, Mysticism 40, Short Blade 40, Alteration 35, Enchant 35. Conjuration, Illusion, Alchemy (kutengeneza dawa), Unarmored (kujikinga bila deraya) na Light Armor (deraya nyepesi) zikawa ndogo, zote 20.

Jambia kati ya stadi kuu za mchawi? Hesabu ndiyo iliyoamua. Nafasi ya kupiga ni stadi, kuongeza Agility (wepesi) ikigawanywa kwa 5, kuongeza Luck (bahati) ikigawanywa kwa 10, kisha unazidisha kwa 1.25 ukiwa na pumzi kamili au 0.75 ukiwa umeishiwa kabisa. Agility na Luck zikiwa 40, Short Blade ya 40 inakupa 65 kwa 100 kabla ya adui kukwepa. Ingekuwa stadi ndogo, yenye 25, ingekuwa 46 tu. Wengi hulaumu silaha, kumbe wamefika kwenye pambano wakikimbia na pumzi imekwisha. Uchawi nao hushindikana kwa sababu hiyohiyo.

Alteration ndiyo stadi ambayo mila inaidai waziwazi. Minara ya Telvanni ni uyoga mkubwa, na wakuu wake hukaa juu pasipo ngazi: asiyeweza kuelea hewani haonani nao. Mwanzoni uchawi wa kuelea utakuponyoka mara nyingi, basi changanya manyoya ya cliff racer na mzizi wa trama upate dawa ya kuelea. Manyoya hayatakosekana, viumbe hao warukao wanakufuata kila mahali.

Makosa mawili nimeyaona sana. La kwanza ni moto. Unamfaa Dunmer kimila, lakini Dunmer wote wana kinga ya moto ya 75 kwa 100, na kisiwani wengi wa maadui zako ni Dunmer. Beba pia uchawi wa baridi au wa radi. La pili ni joho tupu: katika toleo la awali la gemu hii, Unarmored haikulindi usipovaa hata kipande kimoja cha deraya. Viatu vya ngozi ya netch (mnyama wa kisiwani) vinatosha, na joho linabaki juu.

Nyota ya kuzaliwa, inayompa mhusika faida yake, nilichagua The Mage. Intelligence ya 50 ikatoa Magicka (nguvu ya kufanyia uchawi) 75. The Atronach ingetoa 150, ila Magicka yake hairudi ukilala, na mchawi wa mnarani anayewinda chupa za dawa kila siku sikumwona kuwa Telvanni.