Mshahara wako uko wapi?

Jana binti yangu wa mwisho kaniuliza: akimaliza kidato cha sita aende chuo moja kwa moja, au aingie kwanza kwenye biashara kama mimi? Sikumjibu. Usiku kucha nilikuwa namkumbuka mwalimu mmoja wa uhasibu.

Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa hapa Mwanza, niliingia mwaka 1999, pale Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa letu, Viktoria, kwa tuhuma za watu kuvua kwa sumu. Kaka alikuwa anakata minofu kiwanda cha sangara. Kazi ikasimama, na ada yangu ikasimama nayo. Dagaa hawakuwa na shida na Ulaya, walaji wao wako hapa hapa na ng'ambo, Kongo. Nikaanza na gunia la kukopeshwa. Watoto wakasoma, nyumba ikaisha, ndipo nikarudi darasani, masomo ya jioni, stashahada ya biashara, na vijana walioniita Mama na kunishikia kiti cha mbele.

Jioni moja mwalimu, naye kijana tu, akauliza: inakuwaje biashara ina faida lakini haina hela ya kununulia mzigo? Kimya. Akaninyooshea kalamu ya ubao. "Mama, hebu tusaidie."

Nikachora mwezi. Dagaa wanavuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga unatapakaa ziwani, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inalala. Giza likirudi, mzigo unashuka kwa wingi kutoka visiwani na bei inalegea. Hapo ndipo unatakiwa uwe na hela mkononi, na hela yako iko kwa mteja wa Kongo aliyechukua mali kauli. Mvua nayo ikiwakuta dagaa mchangani kabla hawajakauka, wanaharibika rangi, unawauza kwa watu wa chakula cha kuku. "Faida iko kwenye daftari," nikawaambia, "hela iko Kongo." Darasa likacheka, wakaandika.

Mwalimu hakucheka. Alikuwa anasoma gharama nilizoorodhesha pembeni: ununuzi, nauli ya boti, wapakiaji, magunia, ushuru, stoo. Kidole kikashuka mstari kwa mstari mpaka chini, kikarudi juu, kikashuka tena.

"Mama, mshahara wako uko wapi?"

"Mwalimu, mimi si ndiye mwenye biashara?"

"Sawa. Usipokuwepo, anayekaa pale tangu alfajiri unamlipa kiasi gani?"

Kiasi nilikijua vizuri, maana nikienda msibani kuna binti wa kunishikia meza, na jioni namlipa. Nikakizidisha kwa siku za mwezi, nikakiandika chini ya stoo, kwa herufi ndogo kuliko zile za juu. Nikatoa. Faida ya mwezi ule, niliyoisifia mbele ya watoto wale, karibu yote ikaondoka. Nilibaki nimeshika kalamu, nikifikiria alfajiri zote za miaka ile, mvua na baridi ya ziwa, na kwamba hakuna daftari langu hata moja lililowahi kuziandika.

Nilihitimu, na tangu hapo najilipa kila mwisho wa mwezi. Ila nyumba yangu ilijengwa na miaka ambayo sikujilipa. Ningeijua hesabu ile nikiwa msichana, huenda ningekimbilia ajira na Mwaloni nisiione kabisa. Au ningeijibu kwenye mtihani nikaisahau, kwa sababu nilikuwa bado sijakaa pale alfajiri hata moja.

Wenzangu sokoni nimewafundisha kuuandika mstari ule. Wengine wanauandika. Mmoja, ambaye yuko pale kabla yangu, aliniuliza: mwezi ambao hesabu inatoa hasara, huo mshahara unautoa wapi? Nilimwambia unaandikwa kama deni la biashara kwako. Akataka kujua deni hilo atamdai nani. Tunabishana mpaka leo.