Deni ni langu, shemeji yangu muacheni

Wa kwanza kupigiwa simu na wakala wa kukusanya madeni hakuwa mimi, alikuwa shemeji. Akaulizwa kama anamfahamu tapeli fulani aliyemwandika kuwa mdhamini wake. Shemeji hajawahi kunidhamini. Namba yake ilikuwa tu kwenye simu yangu, na ile programu ya mkopo iliomba ruhusa ya kusoma namba zote tangu siku ya kuipakua. Akafuata bosi wangu wa zamani, kisha fundi bomba, kisha mama mmoja wa kwaya ambaye nilishasahau kwamba nina namba yake.

Niseme wazi, deni lipo. Nilikopa, kazi ikasimama, marejesho yakachelewa. Anayenidai ana haki ya kudai. Ila kudai ni kuniambia mimi: kiasi gani, lini. Kumwambia mama wa kwaya si kudai, ni kuanika mtu.

Silaha za mawakala hawa ni aibu na haraka. “Lipa kabla ya saa nane, askari wako njiani.” Nami nikawa nachungulia dirishani! Kumbe katika nchi nyingi deni la kawaida ni shauri la madai, polisi hawahusiki. Anayetaka kukushurutisha aende mahakamani, nayo mahakama huleta wito rasmi, haitumi meseji ya herufi kubwa tupu.

Kwa hiyo nikaamua kuitangaza aibu mwenyewe. Jioni moja niliwaandikia ndugu na marafiki: “Mtapigiwa na wakala kuhusu deni langu. Ni kweli nadaiwa, na nitalipa. Msibishane naye, msimpe habari zangu. Akituma ujumbe, upigeni picha mnitumie.” Kila nikibonyeza kutuma, jasho. Shangazi akajibu: “Ndiyo huyo! Mimi nilimwambia na mimi nina shida, anikopeshe.” Tangu hapo simu za kwa jamaa zikapungua, maana habari ambayo wakala alikuwa akitishia kuitoa ilikuwa imeshazeeka.

Kwa wakala mwenyewe nilikataa mazungumzo ya simu. Nikamtaka aandike mkopeshaji wa awali ni nani, mkopo ulikuwa kiasi gani, riba na faini kiasi gani, na athibitishe kama ametumwa kudai au ameuziwa deni. Madeni huuzwa, tena kwa bei ya chini sana, na hesabu huvurugika njiani. Majibu yalipokuja, jumla ilikuwa ndogo kuliko ile aliyokuwa akinifokea.

Sheria si za kudharau. Marekani, tangu sheria ya 1977, wakusanyaji madeni hawaruhusiwi kukupigia ovyo kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku, wala kumweleza jirani kwamba unadaiwa. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali vitisho, matusi na kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mkopaji. Kwa hiyo zile picha za meseji niliziambatanisha kwenye malalamiko kwa mdhibiti wa wakopeshaji. Lugha ya wakala ikageuka ghafla, nikaanza kuitwa “mteja wetu mpendwa”.

Sasa nalipa kidogo kidogo, kwenye akaunti ya mkopeshaji. Wakala alinibembeleza nimtumie kwa namba yake binafsi “ili mambo yaende haraka”, nikakataa. Risiti zote ninazo. Nikimaliza nitadai barua ya kufunga deni, kwa sababu bila hiyo linaweza kuuzwa tena kwa mwingine, naye akaanza kunidai kana kwamba sijawahi kulipa hata senti.