Siku Moja Katika Kijiji Kisichokuwepo

Saa 12:30 asubuhi. Ninasoma shahada ya uzamili katika modeli za kihisabati, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tasnifu yangu inahusu malaria katika kijiji cha kubuni nilichokifananisha na vijiji vya Bonde la Kilombero. Ninajitahidi kila siku kufika chuoni Mlimani kabla foleni haijakaza, kwani kichwa changu hufanya kazi vizuri zaidi maabara ikiwa bado tupu.

Saa 2:00. Mhadhara wa leo unaanza na daktari Mwingereza Ronald Ross, ambaye mwaka 1897 nchini India aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu, na baadaye akatumia hisabati kuonyesha kwamba ili kuukomesha ugonjwa si lazima kuua mbu wote, bali kuwapunguza hadi chini ya kiwango fulani. Miaka ya 1950 George Macdonald, mtaalamu wa malaria, aliiendeleza hoja hiyo kwa namna ambayo hadi leo hunishangaza. Vimelea huhitaji takriban siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu, kwa hiyo mbu anayekufa mapema hamwambukizi mtu. Ikiwa mbu 90 kati ya 100 hunusurika kila siku, takriban 35 kati ya 100 watafikisha siku 10. Wakinusurika 80, watakaofikisha siku hizo ni 11 tu. Kupunguza idadi ya mbu kwa nusu hupunguza maambukizi kwa nusu, lakini kufupisha maisha yao kidogo tu huyaporomosha. Ndiyo maana chandarua chenye dawa kina nguvu kuliko kinavyoonekana.

Saa 4:00. Milinganyo ya Macdonald huwachukulia watu wote kuwa sawa, na hapo ndipo kazi yangu inapoanzia. Katika programu ya kompyuta ninayoiandika kwa lugha ya Python, kila mtu ana nyumba yake, umri wake na chandarua chake (au hana), na kila mbu jike hutafuta damu kwa bahati nasibu. Hakuna mahali nilipoiamuru malaria ipande au ishuke; hutokana na maelfu ya matukio madogo yanayoathiriana, na hiyo ndiyo maana ya mfumo changamano.

Saa 7:00. Wali na maharage kwa mama ntilie, haraka.

Saa 8:00. Kikao na msimamizi. Programu yangu nimeiendesha mara nyingi, kila mara ikiwa ni rudio moja. Ninamwonyesha mchoro wa wastani wa maambukizi, mstari mmoja laini, naye anauliza, "Na marudio yenyewe yako wapi?" Ninaifungua picha ya pili: kwa vigezo vilevile, yaani namba zilezile ninazoipa programu, katika baadhi ya marudio malaria inatoweka kabisa, na katika mengine inadumu mwaka mzima. Wastani unaonyesha kijiji chenye malaria ya kadiri, ambacho hakimo katika rudio hata moja. "Basi andika hilo, mwanangu," anasema, "huo mstari uweke nyuma." Ninakubaliana naye, ingawa najua kwamba watunga sera hupenda mstari mmoja.

Saa 10:00. Sasa ninapima ni kigezo kipi kinachotikisa matokeo zaidi. Ninabadili kimoja huku vingine vikitulia, kisha viwili kwa pamoja, kwa maana kuna vigezo ambavyo kimoja kimoja havina makali, bali vikiungana. Tafiti za Kilombero zimeonyesha kwamba mbu aina ya Anopheles funestus, hata pale wanapokuwa wachache, ndio wanaobeba sehemu kubwa ya maambukizi. Kwa hiyo katika programu nimetenga aina mbili za mbu, hao na wengine, japo programu inakuwa nzito na kompyuta yangu inalalamika.

Saa 1:00 usiku. Swali lililobaki ni la watu, si la mbu. Wakulima wa mpunga huhamia kwa wiki kadhaa kwenye vibanda vya mashambani, ambavyo mara nyingi havina kuta za kuzuia mbu. Kuviongeza kunamaanisha vigezo vipya ambavyo takwimu zake ni haba, na kila kigezo cha kukisia huipunguzia modeli uaminifu. Kuviacha kunamaanisha kudai kwamba kila mtu hulala kwake. Nimeamua kuviingiza, kwa viwango vya chini na vya juu badala ya namba moja, na kesho nitamwomba msimamizi aipinge hoja hiyo kwa nguvu zake zote kabla sijaandika sura ya tatu.