Kutoka kukopesha hadi kuzibana benki

Mchana huu napitia mafaili ya mikopo chechefu (isiyolipwa kwa wakati) hapa kazini, nikamkumbuka Sanusi Lamido Sanusi wa Nigeria. Wengi wanamjua kwa kilemba cha Emir wa Kano, yaani mtawala wa jadi wa huko. Mimi namheshimu kwa miaka yake ya kusimamia vihatarishi benki. Januari 2009 akawa bosi wa First Bank, Juni akawa gavana wa Benki Kuu, na Agosti akawatimua wakurugenzi wakuu watano wa benki kwa mpigo, huku benki zao zikiokolewa kwa naira bilioni 420. Jamani, kumficha kitu mtu aliyeshinda kwenye mafaili kama haya ni kazi! Mwaka 2014 akahoji ziliko dola bilioni 20 za mafuta. Rais akamsimamisha. Miezi minne baadaye, Emir.