Dakika sita za Istanbul na saa nzima iliyofuata

Jumapili, usiku

Mashabiki wa Liverpool tukikutana na kuigusa fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya tarehe 25 Mei 2005, mazungumzo hayafiki mbali kabla mtu hajalileta suala la moyo. Tulikuwa nyuma mabao matatu kwa bila dhidi ya AC Milan, tukarudi, tukabeba kombe, na maelezo yanayotolewa ni kwamba wachezaji wetu walikuwa na moyo kuliko wenzao. Sina ugomvi na moyo. Ninachokataa ni kumfanya Gattuso, kiungo wa Milan aliyekuwa tayari kumeza nyasi kwa ajili ya timu yake, aonekane eti alizidiwa moyo. Jioni ya leo kijiweni tuliamua kuuweka moyo kando tuujadili mfumo peke yake, na nimeona niyaandike yaliyosemwa kabla usingizi haujanichukua, kwa sababu nimeondoka pale na imani kwamba mabadiliko ya wakati wa mapumziko yalitupatia dakika sita nzuri tu, na baada ya hapo tuliponea chupuchupu kwa muda wa saa nzima.

Fundi pikipiki wa mtaani kwetu ndiye aliyeanzisha. Alisogeza ubao wa drafti, akaviondoa visoda vilivyokuwa katikati ya mchezo wa watu (wenyewe walilalamika, hakuna aliyewasikiliza), akavipanga upya: visoda vilivyotazama juu vikawa Liverpool, vilivyofunikwa vikawa Milan. Upande wa Milan aliupanga haraka kwa sababu kila mtu anaujua kwa kichwa. Dida golini, mbele yake Cafu, Stam, Nesta na Maldini. Viungo wanne katika umbo la almasi, Pirlo chini, Gattuso kulia, Seedorf kushoto na Kaká juu. Kisha Shevchenko na Crespo mbele. Upande wetu ndipo alipoanza kusitasita, maana kikosi alichokipanga kocha wetu Rafael Benítez kilikuwa na mabeki wanne, Riise na Luis García pembeni, Gerrard na Alonso katikati, na Harry Kewell akicheza nyuma ya Baroš. Alipomaliza kuvipanga visoda, hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi: katikati ya ubao visoda viwili vyetu vilikuwa vimezungukwa na vinne vyao.

Hesabu hiyo ndiyo iliyotuumiza kipindi cha kwanza. Bao la Maldini, lililofungwa kabla hata dakika moja haijatimia, nakubali kwamba halikuhusu mfumo. Beki wetu Traoré alimfanyia faulo Kaká, Pirlo akapiga mpira wa adhabu, Maldini akauunganisha moja kwa moja. Lakini mabao mawili ya Crespo, dakika ya 39 na ya 44, yote yalipita miguuni mwa Kaká akiwa na nafasi ya kugeuka na kutazama mbele. La tatu lilikuwa zuri mno, na hata shabiki wa Liverpool anayejiheshimu hana budi kulisifu: Kaká alimzunguka Gerrard, akapenyeza pasi ndefu iliyompita beki wetu Carragher, Crespo akaudokoa mpira juu ya kipa wetu Dudek bila hata kuutuliza. Mtu aliyepaswa kusimama pale Kaká alipogeukia hakuwepo uwanjani. Alikuwa benchi, na jina lake ni Dietmar Hamann.

Yaliyotokea chumbani wakati wa mapumziko yamesimuliwa na wengi waliokuwemo, na mimi huyapenda kwa sababu yanaonyesha jinsi uamuzi mkubwa unavyoweza kupitia mlango wa nyuma. Benítez alikusudia kumtoa Traoré na kumwingiza Hamann, na Traoré alikwisha kuambiwa akaoge. Ndipo mtaalamu wa tiba wa timu alipoeleza kwamba Steve Finnan ana maumivu ya paja na huenda asimalize mchezo. Finnan mwenyewe alitaka kuendelea. Lakini enzi hizo kocha aliruhusiwa kubadilisha wachezaji watatu tu, Kewell alikwisha kuumia na kutoka mapema akampisha Vladimír Šmicer, na kama Hamann angeingia kwa Traoré kisha Finnan akashindwa dakika chache baadaye, timu ingemaliza nafasi zake zote huku mchezo ukiwa bado mbichi. Basi Finnan akatolewa, Traoré akaitwa arudi. Mabeki wakabaki watatu: Carragher, Hyypiä na Traoré. Hamann na Alonso wakasimama mbele yao, Riise akashika kushoto na Šmicer kulia, Gerrard na García wakapanda nyuma ya Baroš.

Fundi alivisogeza visoda kwa mpangilio huo mpya, na hapo ndipo mjadala ulipopamba moto. Sasa katikati tulikuwa wanne kwa wanne. Washambuliaji wao wawili walikabiliwa na mabeki watatu, kwa hiyo kulikuwa na mmoja wa ziada wa kuziba mashimo au kupanda na mpira. Na kwa kuwa almasi ya Milan haina mawinga, Riise hakuwa tena na watu wawili wa kuwapita. Alikuwa na Cafu peke yake. Bao la kwanza, dakika ya 54, lilitoka huko huko: krosi yake ya kwanza ilizuiwa na Cafu, mpira ukamrudia, ya pili ikamkuta Gerrard katikati ya boksi, naye akapiga kichwa kilichompita Dida. Kwa mfumo wa kipindi cha kwanza, Gerrard angekuwa wapi wakati ule? Nadhani angekuwa yadi nyingi nyuma, akihofia Kaká asije akapata nafasi nyingine ya kugeuka.

Dakika mbili baadaye Hamann alimpasia Šmicer, aliyekuwa anacheza mechi yake ya mwisho akiwa na jezi ya Liverpool, naye akaachia shuti la mbali lililokwenda kutua kwenye kona ya goli. Kisha ikaja penalti ya dakika ya 60, ambayo kwangu ndiyo ushahidi mkubwa kuliko yote. Aliyeanzisha shambulizi lile alikuwa Carragher, beki wa kati, aliyepanda na mpira hadi eneo la Milan kwa sababu nyuma yake walibaki wawili wa kumlinda. Alimpa Baroš, Baroš akamtengea Gerrard kwa mguso mmoja, Gattuso akamchezea rafu kwa nyuma, mwamuzi Mejuto González akaonyesha alama ya penalti. Dida aliicheza penalti ya Alonso, lakini Alonso mwenyewe akaufuata mpira uliorudi akaubamiza juu ya nyavu. Tatu kwa tatu, na Milan wakawa hawajui nani amkabe nani.

Hapo mzee mmoja, ambaye ni shabiki wa Milan tangu enzi za Gullit na Van Basten na ambaye alikuwa amenyamaza muda wote akinywa kahawa yake, aliomba nafasi. Alisema: “Wanangu, mnasimulia vizuri, lakini kila mara mnaishia dakika ya 60. Mchezo ule ulichezwa dakika 120. Hebu endeleeni.” Nikaona mzee amelenga penyewe. Baada ya bao la Alonso zilibaki dakika 30 za kawaida na nyingine 30 za nyongeza, na katika muda huo wote timu iliyotengeneza nafasi za wazi ilikuwa ya kwake. Yapata dakika ya 70 mpira ulimponyoka Dudek, Shevchenko akapiga, na aliyeondosha mpira kwenye mstari wa goli alikuwa Traoré. Ni Traoré yule yule aliyekwisha kuagizwa akaoge. Carragher alimaliza mchezo akichechemea kwa kukazwa na misuli, akijitupa mbele ya kila krosi. Na karibu na mwisho wa muda wa nyongeza Shevchenko alipiga kichwa, Dudek akakicheza, mpira ukamrudia Shevchenko akiwa hatua chache tu kutoka golini, akapiga kwa nguvu, na mkono wa Dudek ukaupeleka juu ya mwamba. Hakuna mfumo duniani unaofundisha kitu kama kile.

Kijana mmoja, ambaye mwaka 2005 alikuwa bado ananyonya, alituletea usiku wa tarehe 7 Mei 2019, tulipoifunga Barcelona mabao manne kwa bila pale Anfield baada ya kufungwa matatu kwao. Alikuwa na hoja ambayo wazee wa kijiwe hatukuwa tumeiwaza. Usiku ule nao mabadiliko ya mapumziko yalisababishwa na majeraha: Andrew Robertson aliumia, akaingia Georginio Wijnaldum, James Milner akarudi kucheza beki wa kushoto. Wijnaldum akafunga dakika ya 54 na ya 56, yaani dakika zile zile za Gerrard na Šmicer. Kijana alitaka kusema kuna muujiza fulani ndani ya namba hizo, na hapo nilimkatalia, lakini sehemu ya kwanza ya hoja yake naichukua. Tofauti ninayoiona ni kwamba mwaka 2019 Jürgen Klopp hakugusa umbo la timu. Mfumo ulibaki na mabeki wanne, viungo watatu na washambuliaji watatu, kilichobadilika ni mtu anayeingia kwenye boksi kwa kuchelewa. Benítez alibadilisha umbo lenyewe, na umbo jipya lilikuwa na tundu lake.

Tundu hilo lilikuwa upande wetu wa kulia. Šmicer ni kiungo wa kushambulia, na sasa alikuwa na kazi ya kupanda na kushuka winga nzima kama beki. Kwa muda mrefu Milan hawakulitumia pengo lile kwa sababu almasi yao ilikuwa inajibana katikati, na Carlo Ancelotti hakubadilisha mchezaji hata mmoja mpaka dakika ya 85. Watu wengi humlaumu kwa hilo. Mimi simlaumu sana, kwani timu yake ilikuwa bado inafika golini, na kocha ambaye anaona nafasi zinapatikana huona tabu kumtoa Seedorf au Gattuso. Hata hivyo dakika ya 86 alimtoa Seedorf akamwingiza Serginho, Mbrazili mwenye mbio anayecheza kwa kuambaa na mstari wa kushoto, na kwa mara ya kwanza usiku ule Milan wakawa na upana. Kuanzia hapo krosi zilianza kutoka upande ule ule tuliokuwa tumeuacha wazi.

Benítez akabadilisha tena, safari hii bila kumtoa mtu. Alimhamishia Gerrard kulia akamkabe Serginho. Nahodha wetu alikuwa ameanza kama kiungo wa kati, akaendelea kama mshambuliaji wa pili, akamaliza kama beki wa pembeni, na katika muda wa nyongeza alimkaba Serginho kwa kuteleza mara kadhaa akiwa amekwisha kabisa pumzi. Picha inayobandikwa ukutani ni ile ya kichwa cha dakika ya 54, amenyanyua mikono akiwahimiza mashabiki. Kama ningekuwa na sehemu ya kubandika picha moja tu, ningechagua mojawapo ya teleza zile, ingawa najua hakuna duka la Kariakoo litakaloniuzia bango la mtu akimkaba winga.

Istanbul wakati ule wa kiangazi ilikuwa na saa moja na Afrika Mashariki. Mchezo ulianza saa nne kasorobo usiku kwao na kwetu, na mikwaju ya penalti ilipigwa tarehe ikiwa imekwisha kugeuka kuwa 26. Serginho aliipaisha ya kwanza, Dudek akizungusha miguu kwenye mstari kama alivyofanya Bruce Grobbelaar mjini Roma mwaka 1984. Pirlo na Shevchenko walichezewa zao. Sisi tulikosa moja tu, ya Riise. Tatu kwa mbili. Kijiweni sehemu hii haikujadiliwa sana, na sioni sababu ya kuirefusha.

Nilidhani nimefunga mjadala nilipojumlisha kwamba ufunguo wa yote ulikuwa kumweka mtu wa kumkaba Kaká. Mzee akaniuliza kama nakumbuka Athens, tarehe 23 Mei 2007, fainali ya marudiano kati ya timu hizo hizo. Nakumbuka, nani atasahau? Benítez alikuwa amejifunza, akamwanzisha Javier Mascherano mbele ya mabeki, akampandisha Gerrard nyuma ya Dirk Kuyt. Filippo Inzaghi alitufunga moja kabla ya mapumziko, la mpira wa adhabu wa Pirlo uliomgonga. Tukiwa tunatafuta la kusawazisha, dakika ya 78 Benítez alimtoa Mascherano akamwingiza Peter Crouch. Dakika nne baadaye Kaká, akiwa amepata nafasi ya kugeuka, alimpenyezea Inzaghi pasi ya bao la pili, na kombe likaenda Milano kwa mbili kwa moja.

“Mkabaji wa Kaká mlimtoa wenyewe,” mzee alisema, huku akimwashiria muuza kahawa amwongezee kikombe kwa hesabu yangu. Nikalipa. Hoja ilikuwa yangu, ila aliyeitumia vizuri ni mtu wa Milan.