Uzamili wa sayansi ya ukokotozi: anza kwa kupima tasnifu

Wengi wanaotafuta shahada ya uzamili ya sayansi ya ukokotozi, yaani kutatua maswali ya kisayansi kwa hesabu za kompyuta, husoma kwanza majina ya kozi. Anza na uzito wa tasnifu, ndio unaoamua mengine yote.

Chukua vyuo vikuu vya Uppsala, Sweden, na Oslo, Norway. Zote mbili ni programu za miaka 2 na krediti 120, yaani 30 kila muhula. Uppsala, tasnifu ni krediti 30. Oslo kwa kawaida ni 60, nusu nzima ya shahada. Anayekwenda Oslo bila kujua kama anataka kukokotoa mambo ya fizikia, kemia au biolojia atabanwa mapema. Tena krediti si saa za darasani: Sweden, wiki 1 ya kazi kamili ni krediti 1.5, kwa hiyo kozi ya krediti 5 itakula wiki 3 na zaidi.

Kozi za msingi hufanana: hesabu za kinamba (kutafuta majibu ya makadirio kwa kompyuta), milinganyo tofautishi (inayoeleza jinsi vitu vinavyobadilika), programu sambamba (kugawa kazi kwa viini vingi vya prosesa kwa wakati mmoja), uchambuzi wa data. Panapoangusha watu ni hesabu za kinamba. Tuseme unakokotoa joto linavyosambaa kwenye fimbo ya chuma kwa njia rahisi ya hatua kwa hatua: unaigawa fimbo vipande vidogo, na muda hatua ndogo. Hatua ya muda haitakiwi kuzidi mraba wa upana wa kipande, ukigawanywa kwa mara mbili ya namba inayoonyesha kasi ya joto kusambaa kwenye chuma hicho. Ukipunguza upana kwa nusu, hatua lazima iwe robo; idadi ya vipande imekuwa mara 2, idadi ya hatua mara 4, kazi mara 8. Ukipuuza hilo, joto litaruka juu na chini ya sifuri, likikua kila hatua mpaka tarakimu zisiwe na maana. Mwanafunzi asiyejua atatafuta kosa kwenye msimbo usiku kucha, na msimbo hauna kosa.

Programu sambamba nayo ina mpaka wake, ambao Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta, aliueleza mwaka 1967. Ikiwa asilimia 5 ya kazi haigawanyiki, viini 16 vya prosesa vitakupa kasi ya mara 9 hivi, na hata ukiwa na maelfu hutavuka mara 20. Pima kwanza sehemu gani inakula muda, ndipo uigawe.

Kabla ya kuomba, hakikisha aljebra ya matriki na kalkulasi ya vigezo vingi zimekukaa sawasawa. Aliyetoka TEHAMA huandika Python vizuri, lakini matriki humkwamisha muhula wa kwanza; Python na C++ hujifunzwa haraka kuliko hisabati.

Kuhusu ada, wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya wanalipa Sweden tangu 2011 na Norway tangu 2023, kwa hiyo ombi la ufadhili liende sambamba na la chuo, lisisubiri barua ya kukubaliwa.